Dirisha la Stima Likiwa Zito: Maneno Tuliyosema Ndalu



Haya ndiyo maneno tuliyosema Ndalu mbele ya madereva, makondakta na mafundi wa gereji waliokuja kutusikiliza. Wengi hawakuweza kufika kwa sababu walikuwa kazini, na baadhi yao wametuomba tuyaandike. Basi tumeyapiga taipu karibu kama tulivyoyasema, pamoja na maswali mawili matatu yaliyoulizwa siku ile. Twaomba kila mtu akiisha kuisoma karatasi hii ampe mwenzake.

Tulianza hivi:

Mabwana na mabibi, twajua wako watakaocheka wakisikia kwamba chama cha wafanyakazi kimekusanya watu ili kuzungumza habari za vioo vya gari. Watauliza kama mambo ya mishahara yamekwisha, hata tukapata nafasi ya kucheza na madirisha. Ngojeni kidogo. Kioo tunachotaka kukizungumza kimekula pato la mwenzetu mmoja kwa siku tisa, na hakuna aliyeshiba.

Mwenzetu huyu ni dereva. Hubeba abiria na mizigo yao kati ya Ndalu na Kitale, na siku nyingine hufika mpaka Bungoma, katika Probox ya tajiri mmoja. Hatutaji jina la tajiri wala la dereva, kwa kuwa shauri lao halijaisha. Mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limesimama barabarani kama ukuta, dirisha la upande wa dereva lilianza kuwa zito. Kushuka lilishuka kwa shida kidogo, lakini kupanda lilipanda likilia, na likifika nusu lilisimama kama mzee apumzikaye njiani. Dereva akawa anakisaidia kioo kwa kiganja cha mkono. Siku moja askari wa barabarani alimsimamisha, na kioo kimeganda juu, hakishuki. Ikambidi afungue mlango, naye askari akadhani huyu ni mtu wa kiburi. Walielewana baadaye, lakini muda ulipotea na abiria wawili wakashuka wakapanda gari jingine.

Jioni alimwambia tajiri. Tajiri akasema, "Wewe ndiwe unayekaa hapo, basi wewe ndiwe uliyeliharibu." Gari likapelekwa kwa fundi mjini. Fundi yule alibonyeza swichi mara mbili, akasikiliza, akatoa hukumu kabla hajaufungua mlango: mota imekufa. Mota nyingine, iliyotumika, ikanunuliwa kwa shilingi 3,500, na kazi ikawa shilingi 1,000. Tajiri alitoa fedha zile, kisha akamkata dereva shilingi 500 kila jioni mpaka zikatimia 4,500.

Kwa siku chache kioo kilikwenda vizuri. Baadaye kikaanza kulia tena, vilevile.

Ndipo mafundi wawili wa chama chetu walipoufungua mlango ule hapa Ndalu, chini ya mparachichi. Ndani ya raba ya njia ya kioo walikuta udongo mwekundu umeshikana na makapi ya mahindi, mgumu kama tofali. Juu yake palikuwa na oili chafu ya injini, ambayo mtu fulani aliipaka zamani akidhani anafanya wema. Dereva alikuwa ameitunza ile mota ya kwanza ndani ya mfuko. Wakaiunganisha na betri kwa nyaya mbili. Ikazunguka. Wakageuza nyaya, ikazunguka upande wa pili. Wakaisafisha njia ya kioo, wakaifunga mota ile ile iliyosemekana imekufa, na kioo kikapanda kimya kimya.

Kwa hivyo shilingi 4,500 zilinunua kitu kisichohitajiwa, nazo zilitoka katika mfuko wa mtu asiyekuwa na kosa. Hii ndiyo sababu tuliwaita.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Wazee wetu waliokuwa mataniboi wa malori wanakumbuka madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Likiharibika, fundi alilifungua kwa bisibisi na plaiasi, na kila kitu alikiona kwa macho. Dirisha la mashini ni kitu cha zamani kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 1940 kampuni ya Packard ya Marekani ilikwisha kulitia katika magari yake, lakini hayo yalikuwa magari ya watu wenye mali nyingi. Leo limetufikia sisi katika gari la kubebea viazi na kuku, nasi hatukupewa kitabu chake.

Ndani ya mlango mna mota ndogo ya volti 12. Mota inazungusha gia, gia inasukuma mashini ya kukipandisha kioo, ambayo mafundi huiita reguleta. Reguleta mtakazozikuta ni za namna mbili: moja ina mikono ya chuma inayopishana kama mkasi, na nyingine ina kebo nyembamba ya chuma inayopita juu ya vigurudumu. Kioo nacho kina njia yake. Njia hiyo ni raba iliyokunjwa kama herufi U, iliyopita mbele, nyuma na juu ya dirisha, na ndani yake mna manyoya mafupi kama ya mahameli ili kioo kiteleze. Tena pale chini ya dirisha, nje na ndani, ziko raba nyingine mbili za kukipangusa kioo maji na vumbi kila kinaposhuka.

Mota hii haikutengenezwa kwa kupigana. Imepimiwa kioo kinachoteleza. Raba ikikauka au ikijaa uchafu, mota huvuta umeme mwingi zaidi, hupata moto, na kazi yake huwa ya polepole. Mota nyingi zina kizuizi cha joto ndani yake kinachokata umeme kabla hazijaungua. Basi mtu akibonyeza swichi mara nyingi mfululizo, mota hunyamaza kabisa, naye hudhani imekufa. Aiache dakika kadhaa ipoe, itaamka. Ni mota ngapi zimezikwa zikiwa hai kwa sababu hiyo!

Na kwa nini ugonjwa huu wazidi kwetu? Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Kanuni ya Kenya, ile KS 1515, inaruhusu gari lisilozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Kwa hivyo raba inapoteremshwa Mombasa tayari ina umri, na sisi twaitumia miaka kumi mingine au zaidi. Kisha inaletwa huku. Kiangazi ni vumbi, mvua zikianza mwezi wa Machi ni matope, na mahindi yanapovunwa na kupukuchuliwa, makapi yanaruka kila mahali na kuingia kila tundu. Dereva naye hufungua na kufunga dirisha lake mara nyingi kwa siku, akiita abiria, akipokea nauli, akisalimu watu. Kila kioo kinaposhuka, kinabeba vumbi na kulipeleka ndani ya njia yake.

Twawaomba mafundi, hasa vijana: kabla ya kushika bisibisi, tumieni masikio na macho. Ulizeni kwanza, dirisha lililo zito ni moja au ni yote? Yakiwa yote mazito, msiuguse mlango wowote. Tazameni betri, vichwa vyake kama vina kutu nyeupe, na kama betri inachajiwa. Likiwa moja tu, shida imo katika mlango ule au katika swichi yake.

Kisha tazameni kupanda na kushuka. Kioo kinaposhuka, uzito wake wenyewe unaisaidia mota, kwa hivyo kushuka upesi kidogo kuliko kupanda si ugonjwa. Lakini kikishuka vizuri na kupanda kwa taabu kubwa, mara nyingi njia ni chafu au kavu. Kikiwa cha polepole sawasawa juu na chini, shukuni umeme. Mwambie mwenzako abonyeze swichi, nawe ukishike kioo kwa viganja viwili, nje na ndani, ukisukume juu taratibu. Kikikimbia kwa msaada huo mdogo, mota si mfu. Inaomba njia ifunguliwe.

Iko njia nyingine isiyotaka chombo chochote. Usiku, au ndani ya kibanda chenye giza, injini ikiwa imezimwa, washa taa ya ndani ya gari na ubonyeze swichi. Taa ikififia sana na kioo kinajikokota, umeme unafika na mota inahangaika na mzigo. Taa isipobadilika hata kidogo na kioo hakiendi, umeme haufiki: tazama fyuzi, swichi, waya.

Sauti nazo zina maana. Mlio mwembamba wa kukwaruza kama kidole juu ya kioo kilicholowa ni wa raba kavu au chafu. Mlio wa kukatakata, tak-tak-tak, ni wa kebo inayochanika au jino la gia lililovunjika. Mota ikivuma na kioo kimetulia, kebo imekatika au kioo kimetoka katika kishikio chake, na hapo kusafisha raba hakutasaidia. Kimya kabisa ni umeme. Fundi akikuambia mota imekufa wakati unaisikia ikivuma, mwulize kwa adabu aliyekufa ni nani.

Kusafisha ndiko kunakoponya magari mengi, na hakuhitaji fedha nyingi. Teremsha kioo chote. Chukua mswaki wa zamani, au kijiti bapa kilichovikwa kitambaa, na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Sugua ndani ya raba ile ya herufi U, mbele, nyuma na juu, ukisuuza kitambaa mara kwa mara. Mtastaajabu kwa maji yatakayotoka. Siku ile yalikuwa mekundu kama ya mto wakati wa mafuriko. Usitumie bisibisi kukwangua, kwa maana ukiyatoboa manyoya yale umeharibu njia ya kioo. Udongo uliokauka sana uloweke kwanza, uende ukanywe chai, urudi. Zile raba mbili za chini nazo zisafishwe midomo yake, na kioo chenyewe kioshwe pande zote mbili, hasa kingo zake. Hakikisha tena kwamba vitundu vya chini ya mlango, vya kutolea maji, havikuziba, kwa maana maji yakituama ndani yanaozesha chuma na kuharibu mota.

Acha vyote vikauke. Mtu akiharakisha hapa anaharibu kazi yake yote, kwa kuwa vumbi jipya likikutana na raba iliyolowa linageuka udongo siku hiyo hiyo. Vikiisha kukauka, puliza dawa ya silikoni, ile ya kopo inayouzwa katika maduka ya vipuri, ndani ya raba yote. Kiasi kidogo chatosha. Pandisha na teremsha kioo mara nne au tano ili ienee, kisha pangusa iliyozidi. Kuweni waangalifu isiruke juu ya kioo cha mbele, kwa maana usiku wa mvua dereva hataona kitu.

Hapa mzee mmoja alituuliza, "Oili chafu ina ubaya gani? Sisi tumeipaka miaka yote." Swali zuri. Oili ya injini, dizeli, mafuta ya taa na grisi ya magurudumu huifanya raba nyingi ivimbe na kulainika, na raba iliyovimba inakibana kioo. Tena oili hushika vumbi. Siku ya kwanza kioo kinateleza, kila mtu anamsifu fundi, na baada ya wiki mbili oili na vumbi vimekuwa kama dawa ya kusagia vali. Mzee alinyamaza kidogo akasema kumbe ndiyo sababu ya dirisha lake la nyuma. Grisi ina mahali pake, napo ni katika viungo vya reguleta na vigurudumu vyake, chuma kwa chuma, ndani ya mlango. Katika raba, hapana.

Kama kusafisha hakukutosha, ndipo mlango ufunguliwe. Tafuta skrubu zote kwanza: moja huwa nyuma ya kishikio cha ndani, nyingine chini ya mahali pa kuwekea mkono, na mara nyingi zimefichwa kwa vifuniko vidogo. Kisha ubao wa ndani ya mlango ung'olewe kwa kuvuta klipu zake moja moja, si kwa kuuvunja kwa nguvu. Skrubu na klipu ziwekwe ndani ya mkebe mmoja, kwa maana mlango unaotetemeka baada ya matengenezo ni kwa sababu ya klipu tatu zilizopotelea kwenye nyasi. Nyuma ya ubao ule mna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Msifanye hivyo. Karatasi hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari, nayo lazima irudishwe na kubandikwa vizuri.

Kabla ya kulegeza reguleta, kioo kifungwe juu kwa utepe wenye gundi imara, upite juu ya fremu pande zote mbili, ama sivyo kitaanguka ndani ya mlango na kupasuka. Na hapa twataka mtusikilize sana, ndugu mafundi. Reguleta ya namna ya mkasi mara nyingi ina springi nzito iliyokunjwa kama ya saa. Mota ikitolewa bila mikono ile kufungwa imara kwanza, kwa bolti au kwa kibanio, mikono hufyatuka kwa nguvu nyingi, na vidole vikiwa katikati hukatwa. Kingo za chuma ndani ya mlango nazo ni kali kama wembe. Vaeni glavu nzito. Waya wa betri uondolewe kabla ya mtu kutia mikono, na mtu yeyote asibonyeze swichi mwenzake akiwa mikono ndani. Katika magari mengi yenye dirisha la kubonyeza mara moja tu likapanda lenyewe, ukiisha kuirudisha betri huenda likasahau kazi hiyo. Pandisha kioo mpaka juu na uendelee kuishika swichi kwa sekunde chache, kitakumbuka.

Tumewaona vijana wanaojifunza kazi wakifunga kidole kwa kitambaa chafu na kuendelea, kwa kuogopa kufukuzwa. Iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na aliyeajiriwa akiumia kazini ana haki ya kumpa mwajiri taarifa, kwa mdomo au kwa maandishi. Toeni taarifa siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi.

Umeme hatutausema kwa urefu, kwa kuwa unataka siku yake. Mwenye mita apime volti kwenye tundu la mota wakati swichi imebonyezwa na mota inavuta. Kama betri ina volti 12 na nusu na mota inapata 9 au 10, nyingine zimepotea njiani, na kununua mota ni kutupa fedha. Mara nyingi hupotea ndani ya swichi kubwa ya mlango wa dereva. Katika magari mengi ya zamani kidogo umeme wa madirisha mengine nao hupitia swichi hiyo, kwa hivyo dirisha la abiria huweza kuugua kwa sababu ya chai iliyomwagika upande wa dereva. Ndani yake vipande vidogo vya shaba huungua na kuwa vyeusi. Visafishwe kwa dawa ya kusafishia umeme, si kwa msasa mkali. Mahali pengine ni ile bomba ya raba kati ya mlango na mwili wa gari, ambapo nyaya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, mpaka moja ikatike huku ngozi yake ikionekana nzima.

Na fyuzi. Fyuzi ikiungua, weka yenye ampea zile zile. Aliyefunga kipande cha waya mahali pa fyuzi amelipa gari ruhusa ya kuungua likiwa na watu ndani.

Dereva mmoja mwanamke alituuliza swali ambalo, kwa kweli, ndilo lililokuwa mioyoni mwa wengi: "Haya yote tumesikia. Lakini gari si letu. Nani alipe?"

Tulimjibu hivi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema ni makato gani mwajiri anaweza kuyatoa katika mshahara. Kwa mali ya mwajiri iliyoharibika, anaweza kukata kiasi cha haki ikiwa uharibifu ulitokea kwa kosa la makusudi la mwajiriwa. Raba kuukuu iliyojaa vumbi la barabara si kosa la makusudi la mtu yeyote. Tena sheria ile ile inaweka mpaka: makato yote kwa wakati mmoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Wako matajiri wasemao, "Huyu si mwajiriwa wangu, amekodi gari tu." Neno hilo lichunguzwe. Nani anayeamua gari liende njia gani, litoke saa ngapi, na jioni iletwe shilingi ngapi? Kama ni tajiri anayeamua yote hayo, jina la kukodi halibadilishi mambo upesi hivyo. Lakini dereva naye awe na ushahidi. Siku dirisha linapoanza kulia, mwambieni tajiri siku hiyo, na muandike tarehe katika daftari. Mota ikibadilishwa, ile ya zamani dai upewe. Mwenzetu asingalikuwa na ile mota ndani ya mfuko, tungalikuwa na maneno matupu.

Twasema pia kwa upande wa tajiri, kwa maana wengine wao walikuwa madereva kabla hawajanunua gari, na mkopo wa gari hauna huruma. Yeye naye alidanganyika. Fedha alizitoa kwa kuamini neno la fundi. Kwa hivyo hatukumwendea kwa kelele. Tulimwita chini ya mparachichi, tukaiunganisha mota ya kwanza na betri mbele ya macho yake. Akaitazama ikizunguka. Akatuomba tuizungushe tena. Kisha akauliza ile sabuni tuliyotumia ilikuwa ya shilingi ngapi, na watu wakacheka, naye akacheka kidogo.

Amekwisha kumrudishia dereva shilingi 2,000. Zile 2,500 zilizobaki amesema zingoje mpaka ile mota ya pili iuzwe. Sisi tumemjibu kwamba mota ni yake, auze au asiuze, na pato la dereva halingoji mnunuzi. Tutakutana naye tena mwisho wa mwezi, na dereva atakuwapo na daftari lake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, mafundi wetu wataufungua mlango mwingine mahali pale pale, safari hii ni wa lori lenye reguleta ya mkasi, ili vijana waone jinsi springi inavyofungwa kabla ya mota kutolewa. Kila mtu aje na glavu zake na mswaki wa zamani. Maji na sabuni viko.